Kudaka kwa Mikono Miwili

Kaka yangu alisimama golini kwa mara ya kwanza katika timu ya mkoa akiwa na miaka thelathini na mitatu, umri ambao wenzake wengi walikuwa wamekwisha kuacha mpira. Nilikuwepo. Nilikaa nyuma ya goli lake, chini ya mwavuli.

Mjini Tanga hakuwa mgeni. Miaka michache baada ya Uhuru, akiwa bado kijana wa shule, alichukuliwa kutoka Mlalo kwenda kambi ya vijana ya mkoa. Walimu walisema milimani kwetu hajawahi kutokea golikipa kama yeye. Masika hayajaisha, akawa amerudi nyumbani na sanduku lake.

Uwanja tuliokulia ulikuwa umechongwa ubavuni mwa mlima. Mpira ukitoka upande wa chini huteremka kupita mashamba ya mahindi hadi mtoni, na mchezo husimama mpaka urudi. Kwa hiyo makipa wa kwetu walifundishwa jambo moja: shika, usipangue. Kambini kocha alimwambia kwamba mpira uliolowa hupigwa ngumi. Alikubali kwa mdomo, mikono ikakataa. Katika mechi ya majaribio, mvua ikinyesha, alikwenda kuushika mpira wa kona, ukamponyoka, ukaingia.

Baada ya hapo alilima kabichi, akafanya zamu zake katika shamba la ujamaa, na Jumapili akaidakia timu ya kijiji. Kisha kocha mpya wa mkoa akapanda Lushoto kumtazama mshambuliaji wa timu nyingine, akashuka na kaka yangu.

Mwenyekiti wa kijiji alimpa ruhusa, ingawa mavuno yalikuwa yamekaribia. Jirani yetu, aliyesoma naye, alimsindikiza hadi barabarani.

"Nenda, mzee mwenzangu," alimwambia. "Ila kitalu chako cha kabichi nitakimwagilia, maana wiki ijayo utakihitaji."

Kaka alicheka. Mama hakucheka. Aliniuliza kwa Kishambaa kama huko Tanga mwezi ule mvua hunyesha. Nikamwambia hunyesha. Akaniambia nifuatane naye.

Na siku ile ilinyesha tangu alfajiri. Tulipata bao mapema, na kuanzia hapo kila mpira uliokwenda golini kwake niliinamisha macho nikatazama viatu vyangu. Miwili aliipiga ngumi, kama alivyoagizwa, nikaanza kupumua. Shabiki mmoja wa mjini, mnene, aliyekaa karibu nami, alikuwa akimwita babu tangu mwanzo na kumuuliza kama mgongo haumsumbui kwa baridi ile.

Mwisho kabisa ikaja kona. Safari hii sikuinama. Mpira ulipaa juu ya vichwa, na kaka akaruka, viganja vyote viwili wazi. Nilijua kabla hajaugusa kwamba hatapiga ngumi. Akaushika. Akatua ameukumbatia kifuani, akateleza nyuma, akayumba, akarudi mbele. Wapinzani wakainua mikono kudai bao. Mshika kibendera alisimama pale pale. Mwamuzi akaashiria mchezo uendelee, na muda si mrefu akapuliza filimbi ya mwisho.

"Dada, wewe ndiye uliyekuwa karibu," shabiki yule alinigeukia. "Umeingia, haujaingia?"

Nikaukung'uta mwavuli wangu. Kaka alidumu golini misimu kadhaa baada ya hapo, na watu wa kwetu wakawa wanashuka kwa malori kwenda kumwona. Lakini jioni ile, kabla ya kupongezwa na yeyote, alinijia akiwa bado na matope hadi magotini.

"Mstari uliuona, mdogo wangu?"

Nilimwambia chokaa ilikuwa imekwisha kuoshwa na mvua, nilichokiona ni tope tu. Nikamuuliza yeye je.

"Mimi nilikuwa natazama mpira," akasema.