Kola Safi ya Taban

Naikumbuka siku ile kwa harufu ya kaki mpya. Majora ya kitambaa yalishushwa kutoka kwenye lori mbele ya kibanda chetu cha ushonaji pale kambini Kakuma, na mimi nikasema moyoni kwamba amani imefika, maana nilikuwa na umri wa kuamini kwamba amani huletwa na lori. Unacheka? Cheka tu, mwanangu. Nawe ulivyoingia hapa dukani kwangu Lodwar kuniaga mimi shangazi yako, na hiyo kadi ya shirika inayoning'inia shingoni na buti mpya, ukaniambia Jumatatu mnapita Lokichoggio hadi mpakani Nadapal kwenda kuwasaidia majirani zetu wa Sudan Kusini watulize nchi yao, nimekuona unanusa kaki ileile. Keti kwanza. Gari lenu halitakuacha.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, karo ya chuo hakuna, nikaenda Kakuma kujifunza cherehani kwa Mzee Kasongo. Huyu alikuwa mkimbizi kutoka Kongo, mfupi, mkali, mwenye kuuchana mshono wako mbele ya mteja bila haya. Aliyepiga pasi pale alikuwa kijana wa rika langu, Taban. Mama yake alimleta kambini akiwa mgongoni, akakulia hapo hapo, akajua Kiturkana cha kutosha kunitania kila asubuhi baada ya kunisalimu "ejok". Baba yake, aliyefia vitani, alikuwa wa watu wa mlima. Mama yake ni wa watu wa mto. Na hao wa mlima na wa mto ndio waliokuwa wakiuana kule kwao Sudan Kusini miaka nenda miaka rudi, mpaka wakubwa wao wakatia saini mkataba wa amani na wafadhili wakaja.

Wafadhili wale hawakuwa watu wabaya. Usije ukadhani nawasema vibaya, kwa maana siku hizi kila kijana akikosa la kulaumu humlaumu mgeni. Mkuu wao alikuwa mama mmoja mzungu tuliyemwita Mama Kofia kwa ajili ya kofia yake pana. Alichimba visima, alikaa na wagonjwa, alijua majina ya watoto wa watu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, na wengi walipona kwa mkono wake. Mpango wake ulikuwa kwamba vijana wa mlima na vijana wa mto watiwe katika kikosi kimoja cha kulinda mji wao, wavae sare moja, asijulikane nani ni wa nani. Sare zishonwe Kakuma ili wakimbizi nao wapate riziki. Lilikuwa wazo zuri. Hata leo nasema lilikuwa zuri.

Sare ya mfano tuliikata kwa mwili wa Taban, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu. Mzee Kasongo aliishona mwenyewe, hakuniruhusu hata kutia vifungo. Taban alipoivaa alijitazama kwenye kile kipande chetu cha kioo, mara mbele, mara nyuma, kama bibi harusi. Nikamwambia hivyo hivyo, kama bibi harusi, akanitupia kitambaa cha pasi.

"Dada Nakiru, mimi nimeshajiandikisha," akasema. "Hii ndio itanirudisha nyumbani. Baba wa mlima, mama wa mto, nani atanikataa?"

Hakuna nguo nyingine duniani iliyomtosha kijana yule, mwanangu, ila ile isiyokuwa na upande.

Kesho yake akaja kamanda wa watu wa mto. Alikunywa chai yetu, akaisifu sare ya mfano, kisha akamwinamia Mzee. "Mzee, iko kitu kidogo tu. Vijana yangu, weka uzi nyekundu kidogo chini ya kola. Ndani kabisa. Hakuna mtu ataona." Mzee Kasongo akaondoa kikombe mbele yake na kumwonyesha mlango. Hata hatujamaliza kulisema hilo, alasiri akaja kamanda wa watu wa mlima. Naye akanywa chai, naye akasifu, naye akainama. Yeye alitaka uzi wa kijani. Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake mwenye akili.

Nilimwona Mzee anakataa kazi ya mwaka mzima kwa sababu ya nyuzi zisizojaza hata kiganja, nikakasirika. Nikamwambia, "Mzee, ni uzi tu. Tukikataa watapeleka kwingine."

Aliacha kukanyaga cherehani. Akaniangalia mpaka nikajuta kuwa na mdomo.

"Bapeleke kwingine," akasema. "Mutoto, ile haiko uzi. Ile ni batu banajitayarisha kuuana, na banataka basikosee. Miye niliona ile maneno kwetu. Usiite kintu kidogo juu ya udogo yake. Risasi nayo ni kidogo."

Lile karipio lilinichoma, na nikiri kwamba kwa muda mrefu lilinichoma bila kunifundisha.

Mzee hakuishia hapo. Alinichukua tukaenda mpaka ofisi ya Mama Kofia, mimi nikimfasiria Kiingereza. Akamweleza yote, akamwomba jambo moja tu: awaite makamanda wale wawili, awakalishe mkeka mmoja, kila mmoja aseme mbele ya mwenzake alichokuja kuomba kwa fundi. Mama Kofia alisikiliza vizuri. Akavua kofia yake, akajipangusa jasho. Akasema anaelewa, ni jambo zito, litaingizwa kwenye mazungumzo ya baadaye. Lakini gwaride ni Ijumaa, mabalozi wanakuja, ndege imekwisha kukodishwa, na akiwaita makamanda sasa huenda wakasusa na kila kitu kikavunjika. Alisema kwa upole kabisa. Niliona amechoka, na niliona anaogopa. Hata yeye alikuwa na wakubwa wake waliokuwa wakiingoja picha ya vijana waliovaa sare moja.

Kazi ikaenda kwa mafundi wengine, na nyuzi zikatiwa. Taban akaondoka na sare yake ileile ya mfano, ambayo Mzee aliipiga pasi kwa mkono wake siku ya kuagana. Mama yake alimsindikiza mwanawe hadi barabarani, halafu akageuka haraka asimwone akipanda lori.

Gwaride likafanyika. Tulilisikia redioni, na picha zikatufikia kwenye simu. Taban alikuwa mstari wa mbele, maana sare yake ndiyo iliyokaa vizuri kuliko zote. Miezi ikapita, hakuna aliyekufa. Mama Kofia alisifiwa, na alistahili. Nilimcheka Mzee kimoyomoyo. Nikasema, huyu amezeeka, anaona moshi kila mahali kwa kuwa nyumba yake iliungua.

Mwanangu, nguo ya kuazima haisitiri makalio. Ukaja ubishi wa nani atakuwa mkuu wa mji ule. Wakubwa wakatupiana maneno kwenye redio, ndege ikaja kuwachukua wageni, maana ndivyo amri yao ilivyosema, na asubuhi moja risasi zikalia ndani ya kambi ya kikosi chenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako. Methali hiyo niliikariri shuleni nikidhani inazungumzia chawa.

Habari aliniletea kijana mmoja aliyetoroka kupitia Nadapal. Alifika kibandani amevimba miguu, amekunja shati la kaki kwapani. Hakutaka chakula. "Dada, nitolee hii uzi," akasema. Nikaigeuza kola, nikauona, mwekundu, umetiwa kwa mshono wa haraka usio na adabu. Nilipokuwa nauchomoa ndipo aliponisimulia. Walikuwa wanakamatana kola, mwanangu. Mtu anamshika mwenzake waliyelala naye chumba kimoja, anaigeuza kola, akiona rangi yake anamwachia, akiona rangi ya pili anaua. Taban alisimama katikati ya uwanja ameinua mikono, akiita kwa lugha ya baba yake, kisha kwa lugha ya mama yake. Wakaigeuza kola yake. Haikuwa na kitu. Wa mto wakasema ni wa mlima, wa mlima wakasema ni wa mto.

"Nani alimpiga?" nikauliza.

Yule kijana akatazama chini. "Sijui, dada. Wote tulikuwa tunapiga."

Nilimpa shati lake. Sikumuuliza zaidi. Niliogopa jibu, na mpaka leo naliogopa.

Msiba wa Taban haukuwa na kaburi. Mama yake alikaa siku zake za kuomboleza, kisha akaja kibandani. Sisi tukasimama. Hakulia. Aliikamata kola ya shati lililokuwa kwenye cherehani ya Mzee, akaipapasa kwa kidole gumba, chini yake, ndani yake, akitafuta. Halafu akasema polepole, "Mzee, si ungemwekea zote mbili?"

Mzee Kasongo akalitoa lile shati kwenye cherehani, akalikunja. Mama Taban akaenda zake. Siku ile cherehani haikulia tena. Jua lilipopungua makali ndipo Mzee akaniita, akanikalisha mbele yake, na nilipomtazama nikaona hataki kunikaripia mimi.

"Nakiru, miye nilijisifu," akasema. "Nilisema mukono yangu ni safi. Nilimushonea mutoto kola safi, nikamutuma katikati ya batu benye alama. Bale makamanda babili, bote balikuja kwangu, bote balikunywa chai yangu. Nilibafukuza. Sikubauliza hata moya: baba, unaogopa nini?"

Hilo ndilo nililotaka ulibebe, mwanangu, lizidi uzito wa hilo begi lako. Zamani nilidhani kisa hiki ni cha wazungu waliokuwa na haraka. Ni kweli walikuwa na haraka, na haraka haina baraka. Lakini Mama Kofia alitaka picha, Mzee Kasongo alitaka mikono safi, nami nilitaka kazi. Na wale wawili waliokuja kuomba alama walikuwa wanaogopana. Mtu aliyeuamini mkataba hahitaji kumtambua ndugu yake kwa uzi. Walituonyesha ufa, sisi tukaupaka chokaa, kila mtu kwa brashi yake. Mama Kofia alirudi Kakuma mara moja baadaye, bila kofia. Alikaa na Mama Taban kutwa nzima, na hawana lugha moja. Nilimheshimu siku ile kuliko siku zote za visima.

Basi nenda. Sikuzuii, maana wanaofikiwa na msaada ni afadhali kuliko waliosahauliwa, na mimi nimeshuhudia watu wakinywa maji ya visima vile. Lakini ukifika, usihesabu amani kwa sare, wala kwa saini, wala kwa makofi ya siku ya gwaride. Geuza kola. Atakayekuja kukuomba pembeni jambo dogo, lisiloonekana, usimpe, na usimfukuze pia. Mmiminie chai nyingine, umuulize anaogopa nini, kisha ukamuulize na yule wa pili, na usiondoke mpaka kila mmoja amemsikia mwenzake. Wakubwa wako wakikuambia ndege inangoja, waambie shangazi yako amesema ingoje. Wakikufukuza kazi, cherehani ya pili ipo hapo kwenye kona, inakungoja wewe. Na usiridhike kamwe kwamba wewe mkono wako ni safi. Taban naye alikuwa safi.

Njoo nikuwekee mkono kichwani. Akuj, Mungu wetu, akutangulie njiani na abaki nyuma yako. Akupe maji pale utakapoona kiu na maneno pale watu watakapokosa maneno. Uwakute wakiwa hai, uwaache wakiwa hai. Na mama mwenye mwana katika mji ule, awe wa mlima, awe wa mto, asije akapapasa kola ya shati akitafuta kilichomuua mwanawe. Haya, nenda mwanangu, gari linapiga honi.