Matanga ya Timu ya Mwalimu

Jumapili iliyopita, alfajiri, msichana nisiyemjua alinitia sahani ya wali mkononi akaniambia pole. Nilikuwa nimerudi Doha kikazi kwa siku chache, nikashindwa kujizuia kupita kwenye ukumbi wa kile chuo ambako Baba alikuwa dereva wa basi. Wanafunzi walikuwa wametoka kuitazama timu yao ikifungwa huko Marekani, na nyuso zao zilikuwa hazitazamiki. Nikaupokea wali, nikatafuta kiti, nikakaa. Najua utaniuliza, rafiki yangu, wali wa nazi na mpira wa Wamarekani wapi na wapi? Tulia nikusimulie, maana sahani ile naijua ilikotoka.

Mimi na Mama tulifika Doha kutoka Tanga nikiwa na miaka minane. Baba alitangulia nikiwa bado natambaa, hivyo kwangu alikuwa sauti ya kwenye simu, na mgeni aliyekuja mara chache na sanduku la maziwa ya unga na nguo zisizonienea. Tulipanga vyumba viwili pale mtaa wa Najma, juu ya duka la fundi cherehani. Baba aliondoka na basi kabla hakujapambazuka akarudi jioni amechoka hoi. Mama alibaki ndani na mimi, pazia zimefungwa kwa sababu ya jua, kiyoyozi kikinguruma kutwa. Mwanamke huyu kule kwetu hakuweza kwenda dukani kununua chumvi bila kusimamishwa kila nyumba. Hapa hakuwa na mlango wa kupigia hodi. Alinyauka mbele ya macho yangu. Akamwambia Baba waziwazi kwamba atajaribu mpaka Desemba, na asipozoea, atanichukua turudi zetu. Mimi ndiyo kwanza nimempata baba. Mwaka ule sikuwa na jambo jingine moyoni.

Chuo cha Baba kilikuwa tawi la chuo kikuu cha Marekani, na huko kwenye chuo mama kulikuwa na timu ya mpira yenye umri wa zaidi ya miaka mia. Mechi iliyochezwa huko Jumamosi usiku, kwetu iliisha Jumapili baada ya swala ya alfajiri. Mwalimu mmoja Mmarekani, mzee wa kofia nyekundu aliyesoma huko ujanani, alikusanya wanafunzi ukumbini mbele ya skrini kubwa, na Baba ndiye aliyewabeba kutoka mabwenini. Jirani yetu wa chini, Mkenya aliyekuwa mlinzi pale chuoni, alishatuonya. "Hiyo si mpira, shemeji," alimwambia Mama. "Hiyo ni raga imevaa helmeti."

Jumapili moja, baada ya kuwafikisha wanafunzi, Baba akarudi akatubeba na sisi, ili Mama apate hewa. Tulipofika alitushusha mlangoni akaenda kuegesha basi. Tukaingia. Mechi ilikuwa imekwisha dakika hiyo hiyo. Watu wamesimama wameshikana mabega, wanayumba taratibu, wanaimba wimbo mzito. Mwalimu amevua kofia ameiweka kifuani, machozi yanamtiririka. Wasichana wawili wanajifuta kwa mikono ya nguo zao.

Mama hakuuliza. Alitoa khanga mabegani akajitanda kichwani vizuri, akapita kwa mmoja mmoja, akiwashika mikono yao kwa mikono yake miwili. "Poleni. Mungu awape subira." Hakuna aliyejua Kiswahili, lakini wote walielewa. Mwalimu aliushika mkono wa Mama muda mrefu. Baba alipotukuta, Mama alikuwa ameketi sakafuni pamoja na wale wasichana, kimya, kama inavyopasa.

Kwenye basi akauliza nani amefariki. Baba alicheka mpaka akashindwa kuwasha gari. Akamwambia hakuna aliyekufa, wamefungwa na mahasimu wao wa tangu enzi, na ule wimbo ni desturi yao, timu ishinde isishinde haondoki mtu mpaka uimbwe. Mama hakucheka.

"Anayelia hivyo amefiwa na kitu," alisema. "Simama pale kwa Mhindi ninunue nazi."

Unajua mambo ya kwetu. Nyumba yenye msiba jiko haliwashwi, majirani ndio hupika. Mbuzi ya kukunia nazi Mama alikuja nayo kwenye sanduku, nami nikaambiwa niikalie. Wali wa nazi, maharage ya nazi, chai ya tangawizi. Ile harufu ikashuka ngazi mpaka kwa fundi cherehani, na jirani Mkenya akapanda bila kuitwa. Mchana Baba akapeleka sufuria ukumbini, nyuma yake Mama ameshika upawa.

Tangu siku hiyo ikawa ndiyo mila. Wakifungwa, Mama anapika matanga. Na walifungwa, ndugu yangu, msimu ule walifungwa vibaya. Mwalimu alikula huku akitusimulia, Baba akitafsiri. Vijana wa kwanza walichezea kwenye shamba la mahindi wamevaa kofia za ngozi. Mwaka mmoja hawakushinda hata mechi moja, ndipo wazee wao walipoanza ule wimbo, ili vijana wajue hawajaachwa peke yao. Kule kwao kuna sanamu ya mchezaji wa zamani, na kabla ya mechi kila mtu husugua kidole gumba cha mguu wake. Ukumbini waliweka picha yake, wakasugua mpaka karatasi ikatoboka. Mama alikisugua kitobo kile kwa adabu zote. Wale wasichana wakaanza kuja Najma kujifunza kukuna nazi. Pazia zikafunguliwa. Nilimsikia Mama akiimba jikoni.

Basi mimi nikawa adui wa timu. Nilisugua kile kidole kama wenzangu, lakini moyoni nilimwomba Mungu vijana wale wapigwe. Jirani Mkenya tulikuwa naye chama kimoja. "Wacha wapoteze tu," aliniambia kando. "Sisi tukule."

Mechi ya mwisho walikutana tena na mahasimu wao. Mama alikuwa ameshapika, maana aliyazoea matokeo. Tulikaa wote mbele ya skrini, sufuria zimefunikwa kwa khanga. Na siku hiyo, katika sekunde za mwisho, kijana mmoja akaukumbatia mpira akapenya mpaka mwisho wa uwanja. Ukumbi ukalipuka. Mimi nikalia. Mwalimu akaninyanyua juu akidhani ni furaha, nami nililia zaidi, kwa sababu Desemba ilikuwa imefika na hapakuwa na msiba tena.

Waliimba wimbo ule ule, safari hii wakicheka. Mama alisimama kando ya sufuria zake, Baba akimtazama kwa wasiwasi. Kisha akazivua khanga.

"Haya," alisema. "Leo tunaanua matanga."

Walikula kuliko siku zote. Tulipokuwa tunabeba sufuria tupu kwenda kwenye basi, Mama akamwuliza Baba msimu mwingine unaanza lini. Baba akajibu Septemba. "Basi unitafutie sufuria kubwa kuliko hii," alisema Mama. Baba akawasha basi, nami nikamwona kwenye kioo akitabasamu mpaka Najma.

Tukakaa miaka tisa. Nyumba ile ya Najma sasa imebomolewa, duka la fundi halipo. Mwalimu alistaafu akarudi kwao, jirani Mkenya alihamia mji jirani wa Lusail kisha naye akarudi kwao. Baba na Mama wapo Tanga, wanafuga kuku na kugombana. Nilidhani mengine yote yamekwenda nao.

Nilimwuliza yule msichana kwa nini wanapika wali. Akaniambia ni mila ya tawi lao, ya zamani sana, na kwamba anayegawa lazima aseme "pole", ndivyo walivyoachiwa na waliowatangulia. Wali wenyewe ulikuwa umeungua kidogo. Nilimaliza sahani yote, kisha nikatoka nje nikampigia Mama. Nikamwambia timu ya Mwalimu imefungwa, na watoto wa watu wamepika matanga.

Nikasikia kuku nyuma yake. Hakuuliza walifungwa ngapi. Aliuliza kama chakula kiliwatosha.