Siku Niliyojifunga Nailoni Nisilowe

Chekeni tu. Mji mzima wa Singida umeshanicheka, mpaka watu wasionijua, na jina langu la Shabani siku hizi limebaki kwenye kitambulisho, mitaani naitwa Sijafa. Mtu anapita na baiskeli yake, "Vipi, Sijafa!", nami nanyoosha mkono naitika, maana aibu ya hadharani ukiikataa ndiyo inazidi kunoga. Lakini hao wanaocheka walikuwa nje juani na simu zao, wakirekodi. Mimi nilikuwa ndani ya mawe. Kwa hiyo leo nawapa yote, ya nje mnayoyajua na ya ndani ambayo kila nikianza kuyasema mtu ananikatiza kwa kicheko.

Ilikuwa Idd pili, na mchana ule baada ya alasiri nilikuwa natakiwa nyumbani kwa Mzee Salumu, baba yake Sabra, kwa habari ya posa. Kwa kawaida wazee ndio huenda na wewe mposaji unabaki nyumbani ukitafuna kucha, lakini Mzee Salumu alikuwa ametuma neno kwamba, "Na kijana mwenyewe aje, nimtazame anavyokaa." (Mpaka leo sijui alitaka kuona nini, ila wiki nzima nilifanya mazoezi ya kukaa.) Baba mdogo Idrisa, ambaye ndiye mwenye duka la magodoro ninakouza, aliniazima kanzu aliyoolea yeye, nyeupe, kifuani darizi ya kijani, akanikabidhi kama anayekabidhi mtoto mchanga. "Tone moja, Shabani," akasema. "Likidondoka tone moja nitaliona."

Sasa mwenye akili angevaa ile kanzu, akakaa kwenye kiti, akasubiri. Mimi dada yangu Mwajabu akanipigia simu, mwanawe Nasra tangu Idd mosi analilia kwenda kwenye michezo ya maji, nikasema haya, muda upo, tupite mara moja, nitakaa pembeni kivulini.

Pale pako nje kidogo ya mji, upande wa ziwa, katikati ya yale mawe yetu makubwa. Mtu katengeneza mabwawa na bembea, na kitu ambacho watu wanatoka mpaka Ikungi kukifuata ni boti ya mserereko. Unapanda boti chini, mnyororo unaivuta polepole kupitia pango refu baina ya mawe mawili yaliyoegemeana, giza tupu, kisha mnatokeza juu kabisa mbele ya umati, boti inaachiwa, inateremka kwa kishindo mpaka bwawani na maji yanaruka juu kama ukuta. Hakuna anayeshuka mkavu. Watu wanalipia kulowa.

Na mtoto hapandi bila mtu mzima. Mwajabu alikuwa mjamzito, tumbo limefika mlangoni, akanitazama. Nasra akanitazama. Nikajitazama mimi na kanzu.

"Muache basi apande mwakani," nikasema.

Nasra akaanza kulia, si kwa kelele, kile kilio cha kumeza, ambacho kwangu ni kibaya zaidi.

Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wenyewe, na ulikuwa mdogo tu. Nyuma ya pikipiki yangu kulikuwa na nailoni la godoro, lile linalokuja limevalishwa godoro jipya la sita kwa sita, zito, zima, halina tundu. (Mnajua mifuko ya plastiki ilivyopigwa marufuku, nailoni la godoro siku hizi ni mali, silitupi.) Nikamwambia Mwajabu, toboa hapa tundu la uso, nivishe kuanzia kichwani, mikono ibaki ndani, halafu nifunge kwa ile mipira ya kufungia mizigo. Akanifunga shingoni, akanifunga kiunoni, akainama kwa shida na tumbo lake akanifunga miguuni. Aliposimama akanitazama nilivyo, mweupe ndani ya nailoni, nimefungwa sehemu tatu, na uso ukambadilika.

"Kaka, vua," akasema.

"Kwa nini?"

"Vua tu. Hivi ulivyo siyo vizuri."

Nikamwambia aache ushirikina wa Idd. Nikarukaruka kama chura mpaka kwenye boti, watu wanacheka, dada mwenye filimbi anayepakia watu naye anacheka, nikaketi mbele na Nasra. Kiti cha nyuma walikuwa wamepangiwa mke na mume. Mume akanitazama, akamshika mkewe mkono, akasema kwa sauti, "Sisi tunangoja inayofuata. Sipandi na maiti mimi." Umati ukaangua kicheko, na mimi nikacheka nao. Boti ikaondoka, kiti cha nyuma kitupu. Hilo naomba mlishike.

Tukaingia mle pangoni. Mnyororo unalia kra, kra, kra, mawe yanachuruzika maji kutoka juu, Nasra kila tone likimpata anapiga yowe la furaha, mimi matone yananidondokea yanateleza na kwenda zake, nilikuwa mkavu kama unga. Nikajisifu kwa sauti kabisa. Nikasema, "Nasra, unamwona mjomba wako? Akili hiyo."

Umeme ukakatika.

Mnyororo ukasimama. Muziki wa nje ukasimama. Nikangoja kusikia watu wakipiga kelele huko nje kama kawaida umeme ukikatika, sikusikia kitu. Na upepo, ninyi ni watu wa hapa, mnajua upepo wa Singida hauna likizo, huo nao haukuwepo. Nasra akaniegemea, nikasikia meno yake yakigongana, nikataka kumkumbatia nikakumbuka mikono yangu iko ndani, imefungwa.

Kisha boti ikainama kidogo upande wa nyuma.

Mimi kazi yangu ni magodoro. Mchana kutwa naona watu wanakalia godoro kulijaribu, na najua uzito wa mtu anayekaa taratibu, kwanza nyonga moja, halafu nyingine, halafu anashusha pumzi. Nyuma yangu mtu alikaa. Alishusha pumzi. Ikaja harufu ya udongo uliolowa, na nje huko mvua ilikuwa haijanyesha miezi.

Nikasema nafsini huyu ni mfanyakazi wa pale, ametufuata kwa miguu. Lakini pumzi zilikuwa za mtu mzima sana, mwanamke, zile pumzi zinazokwaruza, na adabu ikatangulia akili.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

Kimya. Wenzangu, mimi nimekulia hapa, na mzee asiyeitikia shikamoo sijawahi kumwona. Hata aliyekukasirikia huitikia kwanza, halafu ndiyo anakusema.

"Wamekufunga vibaya," sauti ikasema, karibu kabisa na sikio langu. Kiswahili chetu hiki cha huku, cha polepole, kilichopitia Kinyaturu kabla ya kufika mdomoni. "Nani amekufunga?"

Sijui kwa nini nilijibu. "Dada yangu."

"Hajui. Ameacha uso wazi."

Nikahisi nailoni linasogea. Lilikuwa linavutwa toka utosini, taratibu, kwa upole, kama mama anavyomfunika mtoto shuka asimwamshe. Ukingo wa lile tundu ukaja kwenye paji la uso, ukanifunika macho. Nilikuwa nasikia vidole kupitia nailoni. Vilikuwa baridi, na havikuwa na haraka hata kidogo.

"Bibi," nikasema, na sauti yangu siku ile ilikuwa ya Nasra, "mimi sijafa. Nakwepa maji tu nisilowe."

Mkono ukasimama.

"Maji?" akasema, kama mtu anayejaribu kukumbuka kitu cha zamani. "Kwani hukuoshwa?"

"Hapana."

"Ndiyo maana."

Na mkono ukaendelea. Ukapita pua. Nailoni likagandamana na pua, nikavuta pumzi hamna pumzi, ukafika kwenye mdomo wa juu. Hapo nikasimama. Jinsi nilivyosimama na miguu imefungwa sijui, nikasimama kichwa kikagonga jiwe, nikapiga ukelele kwa nguvu zangu zote, "Usinifunike! Sijafa! Mimi sijafa!", na wakati huohuo jenereta lao likawaka, mnyororo ukashtuka, na nyuma yangu, kwa utulivu kabisa, sauti ikasema:

"Marahaba."

Boti ikatokeza juani.

Sasa hapa ndipo panapoanza ile video mliyoiona. Idd pili, watu wamejaa hadi juu ya mawe, na pale juu anatokeza mtu mweupe amesimama kwenye boti, amefungwa shingo, kiuno na miguu, uso umefunikwa nusu, anapiga kelele kwamba hajafa. Akina mama walikimbia. Mtu aliacha mtoto, akarudi kumchukua. Boti ikaachiwa, ikateremka, mimi nimesimama, na chini ilipopiga maji mimi niliendelea na safari peke yangu, nikaingia bwawani kichwa kwanza.

Na nailoni lisilopitisha maji, wenzangu, halipitishi pande zote mbili. Maji yakaingia kwa tundu la uso na hayakuwa na pa kutokea, miguuni pamefungwa vizuri sana, nikawa kama gunia. Wakanivuta vijana wanne, wakanilaza sakafuni, mtu akasema, "Innalillahi," na mwingine nyuma akamjibu, "Si amesema mwenyewe hajafa!" Kicheko kilichofuata nadhani kilifika Ikungi. Mwajabu akakata mipira kwa kisu cha muuza matikiti, maji yakamwagika, na ndani yake kanzu ya baba mdogo, darizi imechuja, kifua chote kijani kama nimelalia mboga.

Nikainua macho. Mzee Salumu alikuwa amesimama pale na wajukuu zake, ameshika barafu ya mtoto inayomdondokea mkononi. Hakucheka. Alikuwa hatazami kanzu, alikuwa anatazama lile nailoni lililonibakia usoni. Akageuka akaondoka na wajukuu.

Nasra, ambaye alishuka salama amelowa chapachapa, akachuchumaa karibu yangu. "Mjomba," akaniuliza, "kule ndani ulikuwa unamsalimia nani?"

Nikajua posa imekwisha. Baba mdogo alipoiona kanzu yake aliketi tu akashika kichwa, lakini akasema neno likishatolewa huendi kinyume, twende tukakataliwe kwa adabu. Nikaenda nimevaa suruali ya shemeji inayoishia katikati ya miguu na jezi ya mpira, maji bado yananilia masikioni, na mazoezi yangu yote ya kukaa yakapotea, nikakaa kama mtu anayesubiri sindano.

Baba mdogo akaanza maneno ya heshima. Mzee Salumu akamnyanyulia mkono, akasogea kwenye mkeka mpaka magoti yetu yakakaribiana.

"Alifika wapi?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

Sikumuuliza nani. Nikaweka kidole kwenye mdomo wa juu.

Akapatazama pale kwa muda mrefu. "Hakumaliza," akasema.

"Hakumaliza, mzee."

"Alhamdulillahi." Akafuta uso kwa kiganja. "Tulipokuwa tunachunga, marehemu mama yangu hakuturuhusu kupita yale mawe tukiwa wakavu. Tunajimwagia maji kwanza, kichwa mpaka miguu, hata iwe baridi ya Juni, ndiyo tunapita. Nilidhani ni maneno ya wazee ya kutuogesha." Akarudi mahali pake, akajinyoosha kanzu, na sauti ikawa ile ya mwenye nyumba. "Haya, ndugu yangu Idrisa. Ulikuwa unasema."

Tulikubaliwa. Sabra ni mke wangu, na hilo analijua kila mtu, ila baba mkwe sijawahi kumsikia akilizungumza tena lile jambo, na nikimchokoza anauliza bei ya magodoro. Boti bado inafanya kazi. Watu wanapanda, wanalowa, wanashuka wanacheka, hakuna aliyewahi kusema ameona kitu, na mimi naamini hawajaona, kwa sababu wale matone ya pangoni yanawafika mwilini.

Mimi nilidhani kulowa ndiyo hasara, na ujanja wangu wote siku ile ulikuwa wa kuyakimbia maji. Siyakimbii tena. Mvua za kwanza zikianza, majirani wote wanaanua nguo na kukimbilia ndani, mimi natoka uani nasimama. Sabra anapiga kelele dirishani, "Shabani, ingia, utaugua!" Namjibu naingia, mke wangu, naingia. Siingii mpaka nione nimelowa mpaka kwenye nyayo.