Wanga wa Muhogo Juu ya Blanketi la Mama

Wanawake wa parokia wanaoshona mablanketi ya vipande huniuliza kama kitambaa kifuliwe kabla ya kukatwa. Nawajibu kifuliwe. Chekundu hutoa rangi, amerikani, ile pamba nyeupe isiyotiwa rangi, hupungua, na blanketi lililoshonwa bila kufua kitambaa, siku likiingia majini, hufinyana kama uso wa mtoto anayetaka kulia. Nawajibu haraka, kisha nainamia sindano yangu, maana nikiendelea nitamtaja mama.

Mama alikuwa mkulima upande wa Lusangi. Tulilima pamba kwa amri ya Wabelgiji. Pamba ilikwenda zake, nguo tukanunua dukani. Kushona vipande alifundishwa na masista wa misheni. Kufua kwanza alijifunza mwenyewe, baada ya kuharibu. Nilipoposwa na watu wa Kasongo mjini, alinunua kitambaa chekundu, kaniki nyeusi na amerikani, akavipeleka mtoni. Akavifua, akavianika juu ya majani, akavirudisha majini mpaka maji yakaacha kubadilika.

"Nguo imalize kulia kwanza," aliniambia. "Kisha tutaikata."

Mjini ilikuwa desturi wanawake wa upande wa bwana wafungue mizigo ya bibi arusi mbele ya wote na kugusa kila kitu. Kitu kipya kilijulikana kwa ugumu wake na harufu ya duka. Mama hakulijua hilo, wala mimi. Shangazi wa mume wangu, mwanamke mnene aliyezoea kusikilizwa, alilikunjua blanketi letu, akaliweka puani.

"Inanuka sabuni, tena iko laini," akasema. "Mukwe, nani alilala humu kwanza, mbele ya bibi arusi?"

"Labda babu yake," akasema mwingine. "Angalia, alama ya goti iko pale."

Wakacheka. Mama akajibu polepole, "Hakuna mutu alilala, mukwe. Nilifua vitambaa mbele ya kushona."

"Sisi huku tunafua kitu kichafu," shangazi akasema. "Hii haitatandikwa. Watu watasema tulioa mutoto na matambara yake."

Nilitazama miguu ya mama, bado ina vumbi la barabara. Niliona haya kwa ajili yake, na niliona haya kwamba ni mama yangu. Sikuweza kutenganisha hayo mawili, na hata leo siwezi.

Mama hakubishana. Aliomba asubiriwe mpaka kesho. Akaomba muhogo katika jiko lao wenyewe, akaumenya, akaukuna, akachuja maji yake na kuyaacha yatulie mpaka wanga ukae chini. Ule wanga akaupika ukawa uji mwepesi, akalizamisha blanketi ndani. Lilipokaribia kukauka aliazima pasi ya makaa kwa fundi cherehani Mwislamu, jirani, akapiga pasi kipande kwa kipande. Mikono yake ilikuwa myeupe mpaka kwenye viwiko. Nilimpepelea makaa.

Kesho yake blanketi lilisimama kama ubao. Shangazi alilipiga kwa kidole, likalia.

"Ee, sasa iko mupya," akasema, na wanawake wakapiga vigelegele, wakalitandika kitandani. Mama naye alipiga kigelegele. Sauti yake niliitambua katikati ya zote.

Nilipomsindikiza akirudi kwao, nilikuwa natafuta neno la kumpa. Yeye akanitangulia kunena.

"Usiifue," akasema. "Ukiifua itakuwa laini tena, watakucheka upya. Vumilia."

Nilivumilia. Usiku wa joto ule wanga ulitunatia ngozini na kunuka uchachu. "Bibi, tunalala ndani ya bugali," mume wangu alisema, nami nikacheka naye. Mende walilipenda blanketi kuliko sisi. Mvua zilipoanza walikuwa wamekula pembe mbili, kisha panya wakaingia katikati, kwenye amerikani. Nililigeuza, nikalikunja upande mzima ukiwa juu. Sikulifua. Shangazi alikuwa akipita nyumbani kila mara, na mkono wake haukukosa kufika kitandani.

Mama akafa ghafla, kabla hatujaonana tena. Nilikwenda kwenye matanga na blanketi lile kichwani, kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kazi ya mikono yake. Usiku tulilala chini, wanawake wote pamoja, nami nikajifunika. Asubuhi mama mdogo, ndugu yake aliyemfuata, alilishika. Likatoa mchakacho. Akaliinua kwenye mwanga, akayaona matundu.

"Mutoto, hii ni ya dada yangu?"

"Ndiyo, mama mdogo."

"Aliishona nzima. Niliiona kwa macho yangu. Hukuifua hata siku moja?"

Wanawake waliokuwa wakiosha vyombo wakageuka. Nilikuwa na jibu. Ningeweza kusema ni yeye aliyenikataza, na kwa nini. Lakini hapo ningelazimika kumsimamisha tena mbele ya wale wa mjini, blanketi puani mwa shangazi, watu wakicheka. Na ndugu zake hawakuwa wamesikia habari hiyo. Alikuwa amerudi nyumbani akawaambia kwamba kazi yake ilitandikwa kwa vigelegele.

"Sikuifua," nikasema.

"Na alikufundisha."

"Alinifundisha."

Mama mdogo alitikisa kichwa, akasema kwa wenzake, bila kushusha sauti, kwamba mji umenifanya mvivu. Hakuna aliyenitetea. Nikaketi karibu nao, nikachukua chungu, nikaanza kuosha.