Karatasi Ndani ya Pindo

Mwende hakuwa na kipawa cha kuhubiri, na hilo tuliseme mapema, asije mtu akamsingizia ujasiri ambao hakuwa nao. Akisimamishwa kanisani kutoa ushuhuda, alisema "Bwana asifiwe" mara tatu, akaangalia viatu vyake, akaketi. Watu wakampigia makofi ya huruma. Ufasaha wake ulikuwa mikononi. Ungemwonyesha mwanamke anayepita barabarani, akamtazama mara moja tu, angemshonea gauni pana la dira likamkaa sawasawa bila hata kumpima.

Alifika Garissa kutoka Mwingi miaka kumi na moja iliyopita, kichwa cha cherehani kikiwa ndani ya gunia, na hakuwa na mtu. Aliyempokea ni Khadra, muuza vitambaa, mjane mwenye sauti ya kukemea mbuzi na moyo usiolingana na sauti hiyo.

"Kaa hapa kwa baraza yangu, abaayo," Khadra alimwambia, akimwita dada siku ya kwanza. "Mimi nauza fitambaa, wewe nashona. Kwa nini mteja aende tafuta fundi mbali?"

Basi wakawa chanda na pete. Ndugu zake Khadra wakileta maziwa ya ngamia kutoka Balambala, kibuyu kimoja kilikuwa cha Mwende. Mwende alipolazwa na malaria, Khadra alimkalia hospitalini siku nne, akimlisha uji kwa kijiko na kuwagombeza wauguzi. Kanisa lilituma ujumbe wa simu. Ruqiya, binti pekee wa Khadra, alikulia mbele ya cherehani ile. Sare zake zote, toka darasa la tano hadi kidato cha nne, zilitoka mikononi mwa Mwende.

Halafu akaja Pasta Mwiti. Alihamishiwa kutoka Meru, mtu mrefu, msafi, anayependa kusikika. Alikuta waumini wa kanisa lake ni walimu, askari na makarani, watu waliokuja mjini kwa kazi, wanaosali wenyewe kwa wenyewe na kuhesabu miaka ya kurudi kwao. Jambo hilo lilimuudhi.

"Mnakula na watu hawa, mnacheka nao, na hamjawaambia neno hata moja!" alinguruma Jumapili moja. "Siku ya mwisho mtaulizwa!" Akagawa vipande vya karatasi. Kila mtu aandike jina la nafsi moja atakayoileta.

Mwende aliandika Khadra. Hakuandika kwa kutaka sifa. Alimpenda yule mwanamke kuliko alivyompenda mtu yeyote duniani, na kwa imani aliyofundishwa, wazo kwamba siku moja wangetenganishwa milele lilimkosesha usingizi. Alitaka kitu kimoja tu: Khadra amsikilize. Akajikaza, akangoja duka liwe tupu, akaanza, "Mama Ruqiya, hivi Yesu unamjua?"

"Nabii Isa? Huyo sisi nabenda sana," alijibu Khadra. "Hebu bitisha hiyo mkasi."

Mkasi ukapitishwa, na injili ya Mwende ikaishia hapo.

Ndipo alipopata lile wazo, na laiti angekatwa kidole kabla hajalipata. Kama mdomo umeshindwa, sindano je? Alianza kuandika mstari wa Injili kwa kalamu kwenye kikaratasi kidogo. Alikizungushia nailoni ili kisilowe, akaziba kwa nta ya mshumaa, akakifunga kwa uzi mwekundu kwa ajili ya damu ya Mwokozi, kisha akakishona ndani ya pindo. Neno litatembea na mvaaji, alijiambia. Litafanya kazi yake lenyewe polepole. Buibui, dira, hijabu za watoto, hakuna nguo iliyotoka barazani bila kikaratasi.

Mtu mwingine angejitazama kioo akashtuka. Bibi yake Mwende, kule Mwingi, alikuwa mganga wa kufunga hirizi, na Mwende mdogo ndiye aliyekuwa akimshikia mshumaa. Alipookoka, akiwa na miaka kumi na tisa, alikataa hata kula chakula cha bibi huyo, na ukoo ukamtupa. Sasa alikuwa anafunga vilevile alivyofundishwa, nta ileile, uzi uleule, na hakuona. Imani nayo hupata mtoto wa jicho.

Alimweleza Pasta Mwiti. Pasta alifurahi nusura aruke. "Kuna dada hapa," alitangaza madhabahuni, "anahubiri kwa sindano! Ninyi wenye ndimi mnafanya nini?" Hakutaja jina. Mwende alilia kwa furaha, na wiki iliyofuata akashona mara mbili zaidi.

Ruqiya akaolewa. Nguo zote za harusi zilishonwa na Mwende, na katika dira ya bibi harusi aliweka mistari mitatu, kwa kuwa alimpenda mtoto yule. Baada ya miezi michache Ruqiya akapata mimba, Khadra akaanza kuchagua majina. Ilipofika mwezi wa tano, mimba ikatoka. Mambo hayo hutokea, daktari alisema, hakuna wa kulaumiwa. Lakini mama mkwe wa Ruqiya, mwanamke aitwaye Abshiro, hakuwa mtu wa kukubali kwamba jambo halina mwenyewe. Alipokuwa akifumua ile dira apate kuirefusha, vidole vyake viligusa kitu kigumu ndani ya pindo.

Vitatu. Nta, nailoni, uzi mwekundu. Alipovipasua alikuta maji yalikwisha kupenya nta, na karatasi zimelowa na kufuliwa mara nyingi hadi wino ukawa doa la zambarau, halisomeki hata herufi moja. Angefikiri nini? Hata wewe ungefikiri hivyohivyo.

Asubuhi iliyofuata baraza lilijaa wanawake, kila mmoja na nguo mkononi. Hawakumpiga Mwende. Walifanya vibaya zaidi: walichukua mikasi yake mwenyewe, wakakaa chini mbele yake, wakafumua. Pindo baada ya pindo. Kila kikaratasi kilichoanguka, mtu alipiga ukemi, na hakuna aliyethubutu kukifungua. Kikulacho ki nguoni mwako, alisema muuza mboga mmoja kutoka pwani, na kwa mara moja maishani methali yake haikuhitaji maelezo. Mama mmoja alifumua shati la mtoto mchanga, akakuta, akamtemea Mwende mate usoni. Mate yalibaki palepale, kwa kuwa Mwende aliogopa kuinua mkono. Khadra alisimama mlangoni mwa duka lake, kimya, na kimya chake ndicho kilichomuuma Mwende kuliko mate.

Mzee Warsame, mkubwa wa wafanyabiashara, alikuja na bakora akawatawanya. "Kesho baada ya adhuhuri, mbele ya wazee," alisema. "Mbaka hapo hakuna mtu naguza huyu mama."

Mwende alikwenda moja kwa moja kwa pasta. Alikaribishwa chai. Pasta Mwiti alifunga dirisha kwanza, ndipo akaketi.

"Kesho nitasema ukweli," Mwende alisema. "Kwamba ni Neno tu."

"Nao watauliza nani alikutuma."

"Si wewe ulisema kanisani..."

"Sikutaja jina lako, dada Mwende. Wala sikukutuma." Alisema hivyo bila kupepesa macho, mtu aliyekwisha kulifikiria jambo njia nzima. "Hebu tulia. Ukisema ni Neno, umelitia kanisa zima motoni. Tuna mwalimu kule Tarbaj, analala peke yake shuleni. Wenye bunduki wa kule wakisikia Wakristo wanaficha maandiko katika nguo za watu, unataka nimzike? Lakini bibi yako si alikuwa mganga? Na sifa zenu Wakamba kwa uganga kila mtu anazijua. Sema ni mambo ya kwenu. Utakemewa wewe mmoja, utaondoka, yataisha. Hata Bwana alihesabiwa pamoja na waovu."

Mwende aliitazama chai yake. Alikumbuka bibi yake akilia siku aliyomwambia, "Sitaki uchawi wako." Kumbe angeuvaa uchawi huo wakati bibi hayupo hata wa kumcheka.

"Na Khadra?" aliuliza.

"Nafsi moja," alisema pasta, "dhidi ya kanisa zima?"

Alikubali. Tusimwite mjinga, ingawa mimi nimewahi kumwita hivyo kwa hasira. Maisha yake yote sauti kutoka madhabahuni ilikuwa ikimwambia afanye, naye anafanya, na hofu aliyopewa ya mwalimu wa Tarbaj haikuwa ya bandia. Pasta alimwombea. Maombi yalikuwa marefu na mazuri sana.

Kesho yake walikaa kwenye ukumbi mdogo wa wafanyabiashara. Wazee upande mmoja. Abshiro na Ruqiya upande wa pili, Ruqiya amekonda, macho chini. Khadra alikaa peke yake karibu na mlango, ngumi ya kulia imefungwa juu ya paja. Pasta Mwiti hakuja. Alikuwa na mkutano.

Mzee Warsame alimwaga vile vikaratasi juu ya meza. Hakuwa mtu mbaya. Alisema kwa upole, "Fundi, hapa hakuna mtu nakula wewe. Sema kweli tu. Hii ni dini yako ama ni sihiri?"

Mlango ulikuwa wazi kiasi hicho. Mzee alikuwa amemfungulia mwenyewe.

"Ni uganga," alisema Mwende. "Ni mambo ya bibi yangu."

"Ya kufanya nini?"

Swali hilo pasta hakumwandaa nalo. Alibabaika, akasema neno la kwanza lililomjia. "Ya kuvuta wateja."

"Na mjukuu yangu?" Abshiro alipaza sauti. "Yeye alikuwa mteja?"

Ruqiya aliinua macho. Alisema Kiswahili safi, kile alichosomea ndani ya sare za Mwende. "Shangazi, mimi nilikukosea nini?"

Mwende aliapishwa, akaapa. Wazee waliamua vikaratasi vichomwe, na mwanamke yule awe ametoka mjini kabla ya alasiri ya kesho. Kwa kosa aliloungama, ilikuwa hukumu ya huruma, na kila mtu alilisema hilo.

Asubuhi alipita kanisani kuomba barua ya kumtambulisha kwa kanisa la Mwingi. Kathure, karani wa kanisa, alimsikiliza akiwa amesimama ng'ambo ya meza. "Barua ya kusema nini?" aliuliza. "Umeapa mbele ya mji mzima kwamba wewe ni mchawi. Umetuaibisha." Pasta Mwiti alikuwa palepale mlangoni mwa ofisi yake. Alikohoa, akasema suala hilo litapelekwa kwa baraza la wazee wa kanisa, akajifungia ndani. Akufukuzaye hakwambii toka.

Alikuwa steji, akisubiri basi la Mwingi lijae, alipomwona Khadra anakuja na mtu wa mkokoteni. Juu ya mkokoteni kulikuwa na cherehani. Khadra alingoja ipakiwe, akamlipa yule mtu, akamngoja aende zake. Kisha akatoa kikaratasi ndani ya buibui yake. Kilikuwa kimefunguliwa na kukunjwa vizuri, wino wake haujapata maji, maandishi ya Mwende yanasomeka yote.

"Hii nilibata kwa buibui yangu mbya, mwaka juzi, kabla sijafua," Khadra alisema. "Nilisoma yote. Nikacheka, wallahi. Nikasema, huyu abaayo anaogoba kuniambia kwa mdomo. Hata mimi kila siku nakuombea Mungu akutie Uislamu. Nikaiweka kwa kabati."

Mwende alikitazama kikaratasi. "Jana ulikuwa nayo?"

"Ilikuwa hapa, kwa mkono. Nilitaka kuambia wazee, soma, ni dini yake tu, ni mwanamke mjinga, samehe yeye. Warsame angesamehe. Mimi ningelia, Ruqiya angelia, wewe ungerudi kwa baraza." Alivuta pumzi. "Wewe ukasema kabla yangu."

"Nilidanganya, Khadra! Zote ni hiyohiyo, neno lilelile, hata ya Ruqiya. Niliambiwa niseme..."

"Jana umeaba mbele ya wazee. Leo naaba mbele ya basi. Mimi nishike gani?"

"Shika hii! Umeisoma kwa macho yako!"

"Hii ni yangu," alisema Khadra. "Mimi ulibatia maneno ya Mungu. Mtoto yangu ulibatia uchawi. Hifyo ndio ulisema, na yeye amesikia. Sasa hata mimi nikiamini wewe, nitamwambia nini Ruqiya? Kwamba mama yake natetea mtu aliyekubali?"

Utingo alikuwa akiita abiria. Mwende alilia waziwazi, kamasi na machozi, watu wakamtazama.

"Huyo Yesu yako," Khadra aliuliza, na aliuliza kwa kutaka kujua, "ndiye nataka useme hifyo?"

Ilikuwa mara ya kwanza kwa Khadra kumuuliza habari za Yesu. Mwende alifungua mdomo. Akimtaja pasta, atakuwa amelitupa kanisa. Akinyamaza, atakuwa amemtupa Yesu mwenyewe. Alizoea kunyamaza, akanyamaza.

Khadra alingoja hadi injini ya basi ilipowashwa. Halafu alitikisa kichwa, akaweka kikaratasi juu ya cherehani. Mwende alinyoosha mkono amshike, kama alivyomshika miaka kumi na moja, na Khadra akaruka nyuma hatua mbili, mkono ameuficha kifuani.

"Usiguze mimi, Mwende," alisema. "Ruqiya bado nataka bata mtoto."