Fundi Zéphirin na Baridi ya Julai

Miaka ishirini Zéphirin alitengeneza pampu za kiwanda kule Shituru, na hakuna pampu iliyomshinda. Ndivyo alivyowaambia watu. Mishahara ilipokatika, mwaka wa tisini na tatu, alibeba sanduku lake la vifaa akaenda kutunza kindege cha misheni kwenye uwanja wa ndege wa Likasi. Pampu ni pampu, alisema.

Asubuhi moja ya Julai, baridi ikiuma mpaka kwenye kucha, kindege kilitakiwa kupeleka chupa za serumu, yaani dripu, kwenye kijiji kilichoingiwa na kipindupindu. Rubani, Octave, aliwasha injini. Ilinguruma vizuri, kisha baada ya dakika chache mshale wa presha ya mafuta ukaanza kushuka. Akazima.

“Njo baridi,” Zéphirin alitangaza kabla hajagusa kitu. “Maji iliganda mu filtre. Minye najua.”

Alitoa mafuta kidogo kwenye glasi: safi, hata tone la maji hamna. Akafungua hiyo filtre, yaani chujio: hamna barafu. Mtu mwingine angebadili mawazo. Zéphirin aliifunika injini blanketi, akayamwagia mabomba maji ya moto, akafungua pampu nzima na kuifunga tena. Saa mbili zikapita. Octave akawasha. Mshale ukapanda, ukashuka.

“Hii baridi iko na kichwa nguvu,” Zéphirin alisema huku akitokwa jasho.

Mélanie, muuguzi aliyekuwa akisubiri na katoni zake za serumu, alisogea, akakitazama kindege. “Papa Zéphirin, unisamehe, minye sijue mambo ya ndeke. Lakini chupa yangu, kama sitie sindano ingine ya kuingiza hewa, serumu inashuka kidogo, kisha inasimama. Tanki yako inapumulia wapi?”

Zéphirin aligeukia tanki. Alilegeza kifuniko cha tanki, na hewa ikaingia kwa mluzi. Akajikunja chini ya bawa kutazama kijibomba cha hewa. Kilikuwa kimezibwa kwa tambala la buluu, kwa ustadi mkubwa. Ustadi huo aliutambua. Jumamosi alikuwa amelikata mwenyewe kwenye ovaroli yake ya kiwandani na kukiziba kijibomba, ili nyigu wasijenge humo.

Alilichomoa, akalisukumia mfukoni. Baridi ingebeba lawama bila kubisha.

“Ilikuwa nini?” Octave aliuliza.

Mélanie alikuwa akimtazama.

“Njo minye,” Zéphirin alisema, akalitoa tambala. “Nilinyonga ndeke na mikono yangu.”

Octave alicheka mpaka akashika bawa. Safari hii mshale ulitulia mahali pake, na kabla ya saa nne Mélanie na chupa zake walikuwa angani. Siku ya tatu habari zilirudi kwamba wagonjwa wote waliokutwa hai bado wako hai.

Jumapili, baada ya misa, Zéphirin aliona ni heri aisimulie hadithi mwenyewe kabla Octave hajaipamba. Mkewe, Philomène, alimsikiliza hadi mwisho.

“Na ile ovaroli,” akauliza, “nani alikuambia uikate?”

Fundi akaenda kutafuta uzi na sindano.