Mguu Wangu na Chapati za Asali

Kina mama wa kliniki wamenitaka niandike yaliyonipata. Nikiyasimulia huwachekesha, na wao wataka wagonjwa wapya wayasome kabla woga haujawaingia. Nitaandika kama yalivyokuwa. Sina haja ya kuyatia chumvi, na chumvi yenyewe nimepunguziwa.

Kabla ya maradhi nilikuwa fundi wa kushona nguo za wanawake na watoto, nyumbani kwangu Mji wa Kale. Cherehani yangu ilikuwa ya kukanyaga kwa miguu, nami nilikanyaga bila viatu kwa kuwa ndivyo nilivyofunzwa. Mume wangu, Baba Zuhura, alikuwa akifanya kazi bandarini. Zuhura, binti yetu wa pekee, alikuwa sekondari. Mimi nilikuwa mnene wa kiasi, mwepesi wa kucheka, na asubuhi yangu haikuwa ikianza mpaka nile.

Kilichokuwa kikiliwa ni chapati za maji za mamangu. Mama alikuwa mjane, akikaa Bondeni, na tangu nilipoolewa alikuwa akija kwetu kwa miguu kila asubuhi na bakuli lililofunikwa kwa kitambaa. Chapati za maji kila mtu anazijua: unga, mayai, sukari, iliki na tui, unakoroga unamimina kikaangoni. Za mama zilikuwa nyembamba, laini, zinang'aa kwa samli. Majirani walisema mimi bado sijaachishwa ziwa. Sikuwabishia.

Katikati ya miaka ya tisini nikaanza kuwa na kiu. Nilikuwa nikinywa maji mpaka tumbo linacheza, na bado ulimi umekauka kama kitambaa. Nikinywa hivyo, naenda msalani hivyo. Sehemu za siri zikaniwasha hata nikawa naona haya kukaa na watu. Siku moja Zuhura akaniambia kuna sisimizi wengi chooni, wamejipanga pale pale ninapojisaidia. Tukamwaga maji ya moto, wakarudi. Nikakonda. Wateja wangu wakanisifu kwamba nimependeza, na mmoja akaniuliza nimekunywa dawa gani.

Nikaenda kwa daktari peke yangu. Akanipima mkojo na damu, akasema, "Mama, una kisukari." Alieleza mengi, lakini mimi kichwa kilikuwa kimeziba. Nilirudi nyumbani na vidonge na neno moja tu: niache sukari.

Neno hilo tulilitii kuliko mnavyodhani. Kopo la sukari lilitoka jikoni siku ile ile. Baba Zuhura, ambaye chai yake ilikuwa kama shira, alianza kuinywa chungu bila kuambiwa, nami nikampenda zaidi kwa hilo. Na mama akaja na chapati mpya.

"Hini haina sukari hata chembe," alisema. "Nimetia asali. Asali ni dawa, Mwenyezi Mungu amesema. Na tende nimezitwanga, na tui la kwanza, zito, urudishe mwili wako. Kula mwanangu, ushibe."

Nilikula nikashiba. Nilikuwa nikila nne, mara nyingine tano, kwa moyo mweupe, kwani nilijua nakula dawa. Asali ilikuwa nzuri, nyeusi, mama aliitafuta kwa watu anaowaamini. Kiu haikuondoka. Mama akaongeza asali.

Mguu ulianza kwa lengelenge dogo chini ya kidole gumba cha kulia, pale panapokutana na chuma cha cherehani. Kwa kawaida lengelenge humfanya mtu achechemee. Mimi sikusikia kitu. Lilipasuka, likawa kidonda, na bado nikakanyaga nikamaliza nguo za harusi ya watu. Aliyegundua ni Baba Zuhura, kwa pua. Tulikuwa tumekaa baada ya chakula, akanusa huku na huku, kisha akasema, "Mama Zuhura, usinikasirikie. Hebu nione mguu wako."

Kidole kilikuwa cheusi upande mmoja. Usaha ulikuwa wa kijani. Alipokibonyeza akaniuliza kama naumwa, nikamwambia siumwi, tena nikaona nimemjibu jambo zuri. Yeye akainuka akavaa viatu kwenda kutafuta teksi.

Nikalazwa. Walinichoma sindano za kushusha sukari, wakakisafisha kidonda kwa kukikwangua hadi nyama nyekundu, wakanidunga vidole vya mikono kila baada ya muda kupima damu. Nilikuwa nikiutazama ule mguu kama mzigo wa mtu mwingine alioniachia nimchungie. Siku za mwanzo sukari ilishuka, na daktari wa wodi, kijana mwenye sauti ya chini, akafurahi.

Kisha mama akaruhusiwa kuja wakati wa kuwaona wagonjwa asubuhi, na bakuli lake.

Sukari ikapanda. Wakaongeza dawa, ikapanda tena. Daktari akanijia na uso uliobadilika.

"Mama, unakula sukari?"

"Sijaitia kinywani tangu niambiwe."

"Unasema kweli?"

"Wallahi."

Akashusha pumzi. "Anayeficha hapa hanidanganyi mimi, anaudanganya mguu wake. Kidole hiki kimekufa, hicho tutakitoa. Lakini sukari ikiendelea hivi kidonda hakitafunga, na nitalazimika kukata hapa." Akaugusa mguu chini kidogo ya goti. Mkono wake ulikuwa baridi.

Niliudhika kuitwa mwongo kuliko nilivyoogopa msumeno. Woga ulikuja baadaye, wakati wa kufungwa kidonda, nilipowaza kwamba cherehani yangu itakaa kimya na mtoto bado yuko shule. Nililia, na muuguzi akadhani ni dawa inayochoma.

Muuguzi huyo tulimwita Sista Mghoi, Mtaita, mwanamke wa makamo, Mkristo, asiyependa maneno mengi. Asubuhi iliyofuata alikuwa anabadilisha shuka za kitanda cha jirani mama alipoingia. Sasa mamangu hawezi kufunua bakuli mbele ya mtu asimkaribishe. Hakujali wodi wala kanisa.

"Sabalkheri mwanangu. Ndoo ule japo moja. Mumetutunzia mtu wetu."

Sista alikataa mara mbili, kwa adabu. Mara ya tatu akaona atamvunjia mtu heshima, akachukua moja, akaimega. Akatafuna polepole. Akaacha kutafuna.

"Mama, hii umeweka nini?"

Mama akamwambia yote kwa furaha, kama mpishi anayeulizwa na mgeni mkubwa: asali, tende, tui la kwanza. "Sukari hamna. Tumekatazwa, nasi tumetii."

Sista Mghoi alimeza kile kipande. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda changu, jambo ambalo wauguzi hawakuwa wakilifanya.

"Mama, nisikilize vizuri. Asali ikifika kwenye damu ya huyu inakuwa sukari ile ile. Tende pia. Na ule unga mweupe wenyewe."

"Asali ni dawa," mama alisema. "Imo kwenye Kitabu."

"Sibishani na Kitabu. Dawa ina mgonjwa wake na ina kipimo chake. Unamwona yule wa dirishani? Penisilini ni dawa, na yeye tukimpa inamuua."

Mama akamtazama yule wa dirishani. Akanitazama miguuni, pale shuka ilipoinuka kwa bandeji. Akafunika bakuli, akafunga kitambaa fundo, akaondoka bila kuniaga. Katika maisha yangu hakuwahi kuondoka hivyo.

Sukari ilishuka, ikakaa chini. Daktari alikuja akasimama mbele ya kitanda. "Mama, niwie radhi. Nilikuuliza habari ya sukari, sikukuuliza habari ya chakula." Nilimsamehe, kwani madaktari wengine huona haya kuomba radhi. Wakanitoa kidole gumba. Nilikiombea dua yangu ndogo, Baba Zuhura akakichukua akaenda kukizika. Kidonda kikaanza kujaa nyama kutoka chini, polepole, na harufu ikaisha. Mguu ukabaki wangu.

Nilirudi nyumbani kwa magongo, na mama hakuja. Asubuhi ya kwanza nikadhani amechelewa. Zuhura akatumwa Bondeni, akarudi akisema, "Bibi asema ana mafua." Mafua hayo hayakuisha. Zuhura akaniambia kwamba jiko la bibi limelala majivu ya zamani, na kwamba anakula mkate wa dukani na chai ya rangi.

Kwangu mimi nilikuwa nikijifunza kula upya. Sista alikuwa amenieleza nijaribu unga wa wimbi, na wa dengu ambao Wahindi hupikia bajia, na nile kwa kiasi. Chapati zangu za kwanza zilikuwa za wimbi tupu. Zilishika kikaangoni, zikapasuka vipande. Baba Zuhura alichukua kimoja akakigeuza huku na huku.

"Mama Zuhura, hiki nile au nikazibie paa?"

Alikula lakini. Nilikuwa siwezi kusimama jikoni muda mrefu. Damu ikishuka mguuni kidonda kinavuta. Zuhura alikuwa akipika kwa maelekezo yangu nikiwa nimeketi, na kila mtu alikuwa anakasirika. Siku moja nilimwambia Baba Zuhura aniitie teksi, nikabeba unga wa wimbi, unga wa dengu, mayai, kitunguu na dania, nikaenda Bondeni.

Mama alikuwa ameketi mkekani. Amekonda yeye sasa. Aliniona na magongo, akaangalia pembeni.

"Mkono huu ulikuwa ukukate mguu," akasema. "Usinambie nipike."

Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kumliwaza, yakanipotea. Nikamwambia lililo kweli. "Mama, siwezi kusimama. Na zangu zinapasuka."

Akaurudisha uso kwangu. Kisha akauliza, "Zinapasuka vipi?"

Nikamweleza. Akanisikiliza kwa uso wa mtu anayeelezwa ujinga. "Hukuuacha unga ukanywa maji," akasema. "Na moto wako ni wa kuchomea samaki." Akainuka.

Akachanganya wimbi kidogo na dengu nyingi. Lakini alichokuwa akifanya zamani kwa jicho na kiganja, sasa alikuwa akikiinua na kunionyesha kwanza.

"Dengu hizi zina sukari?"

"Si nyingi, mama. Kwa kiasi."

"Yai?"

"Halina."

"Kitungu? Dania?"

"Tia."

Akashika kata ya maji, akaiweka juu ya bakuli, asimimine. "Na maji?" akaniuliza. Hakuwa akifanya mzaha. Nilimwambia maji hayana neno, na nilipomwambia hivyo nikalia mbele yake, si kwa mguu wala kwa kidole.

Akaacha unga utulie. Akapaka kikaango mafuta kwa kipande cha kitunguu, akamimina, akasubiri, akageuza. Haikupasuka. Nilikula mbili na chai ya tangawizi. Zilikuwa na ladha ya chumvi na kitunguu, na nyembamba vile vile kama za zamani. Mama hakula. Alinitazama nikimaliza, akaniuliza vile vikaratasi vya kupimia mkojo nilivyopewa hospitali vyachovywaje, nikachovya kimoja nilipokwenda msalani baadaye, nikamwonyesha. Rangi haikubadilika, maana yake sukari haimo. Alikipeleka mlangoni penye mwanga, akakitazama kwa mato yake yenye ukungu, akarudi akavuta sahani, akala.

Sasa shukrani zangu. Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyenibakishia mguu. Namshukuru Sista Mghoi, aliyekubali karibu ya mtu mzima, kwani angeshikilia kukataa, leo mguu wangu ungeishia gotini. Namshukuru mume wangu kwa pua yake, na kwa chai chungu aliyokunywa bila kulazimishwa na mtu.

Wenzangu, vaeni viatu. Tazameni nyayo zenu kila siku, na usipoweza kuinama mwambie mwenzio akutazamie, usione haya. Asali, tende na miwa ni ndugu wa sukari, hata zikitoka Makka. Chapati kuleni; dengu, wimbi, kitunguu, mafuta ya kupaka tu, mbili zinatosha. Na msiende kwa daktari peke yenu kama nilivyokwenda. Masikio ya mgonjwa siku ile hayasikii. Tena anayeshika upawa ndiye anayeshika maradhi yenu, naye huachwa nyumbani akibahatisha kwa mapenzi.

Kliniki iliyofuata nilimchukua mama. Tuliingia pamoja, yeye na buibui lake na mkoba wake, akaketi kiti cha mgonjwa kwa kuwa hakujua kipi ni kipi. Daktari wa siku ile, asiyetujua, akafungua cheti changu, akamtazama, akauliza, "Mama, wewe ndiye mgonjwa?"

"Mgonjwa ni huyu," alisema mama, "mimi ndiye ninayempikia. Nieleze mimi."